Mbwa wa Sanamu na Njia Panda ya Makambako

Sanamu zinazosimama katika miji yetu, karibu zote, zimekunja uso. Yule Askari wa Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927, ameinama na bunduki yake, na singe yake imeelekea bandarini. Amewekwa pale kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika waliopoteza maisha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hakuna mwenye akili anayemtarajia atabasamu. Kule Mkunazini, Unguja, watu watano wa saruji walioundwa mwaka 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, wamesimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, na kila apitaye hapo hushusha sauti. Mwalimu Nyerere naye, katika sanamu iliyozinduliwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa tarehe 18 Februari 2024, amesimama kwa heshima inayomstahili.

Mambo haya ni ya heshima, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Taifa lisilowakumbuka wafu wake ni sawa na mtu asiyelijua kaburi la babu yake. Lakini maisha ya taifa si matanga peke yake. Watu wale wale waliopigana, waliochukuliwa utumwani na waliodai uhuru, walikuwa pia watu wa utani, wa vitendawili na wa kucheka. Ajabu ni kwamba kicheko hicho, ambacho tunacho kwa wingi sokoni, garini na barazani, hatujakipa nafasi ya kutosha katika viwanja vya miji yetu.

Safu hii leo ina hoja moja. Mji una haki ya kuwa na sanamu ya kuchekesha iliyosimama hadharani, na sanamu ya namna hiyo, hata ikiwa ya mbwa, inaweza kuufaa mji wa barabarani kama Makambako kuliko jiwe jingine la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Tunajua kwamba hoja hii itawachekesha baadhi ya wasomaji na kuwaudhi wengine, hasa ndugu zetu wa visiwani. Tunawaomba wote watuvumilie, maana mwisho wa habari unawahusu wao pia.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Makambako ni njia panda. Gari litokalo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia hupita hapo; na hapo hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochipuka kuelekea kusini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, nayo hufika Makambako baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kiliwatoa jasho wajenzi kuliko vipande vyote, kwa wingi wa mahandaki na madaraja yake. Kusini yake, mwendo wa karibu saa moja kwa gari, uko mji wa Njombe, ambao tangu mwaka 2012 umekuwa makao makuu ya mkoa mpya uliomegwa kutoka Iringa. Ni nchi ya baridi, ya chai, ya miwati, ya mbao, ya viazi mviringo na ya maparachichi.

Mji kama huo hupitwa na watu wengi na kukumbukwa na wachache. Msafiri huamka, hununua alichouziwa dirishani, hulalamikia baridi, kisha hulala tena. Hana alama ya kumwambia kwamba amefika mahali palipo na watu wenye tabia yao, kazi yao na ucheshi wao. Mwanza wana samaki wao katika mzunguko wa barabara, na kila mgeni humjua. Mombasa wana zile pembe kubwa zinazovuka barabara, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za wakuu wa ufalme wa Uingereza. Waliopokewa walikwisha kwenda zao, ufalme nao ukaondoka, pembe zikabaki kuwa mali ya Mombasa. Alama ya mji, basi, huweza kuishi maisha marefu kuliko nia ya waliyoiweka.

Je, mbwa anaingiaje hapa? Anaingia kwa mlango wa barabara. Katika nchi nyingine iko miji midogo, isiyo na bahari wala kasri, iliyojipatia jina kwa mbwa wa sanamu aliyewachekesha madereva.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Makambako uko Australia, karibu na mji wa Gundagai katika jimbo la New South Wales, kwenye njia kuu ya kutoka Sydney kwenda Melbourne. Umbali wa maili tano kutoka mjini ameketi mbwa juu ya sanduku la chakula. Alichongwa na Frank Rusconi, fundi wa mawe wa mji huo huo, na akazinduliwa tarehe 28 Novemba 1932 na Waziri Mkuu wa nchi, Joseph Lyons. Rasmi, sanamu hiyo ni ya kuwakumbuka waanzilishi wa makazi ya Wazungu katika sehemu hiyo. Lakini wananchi wanaijua asili ya mbwa huyo, nayo ni asili ya kuchekesha. Katika karne ya 19 mizigo ilisafirishwa kwa magari ya kukokotwa na maksai. Hadithi husema kwamba siku moja gari lilikwama topeni, nira ikavunjika, kila kitu kikaenda kombo, na mwisho wa mikosi yote mbwa wa dereva akaenda akaketi juu ya sanduku la chakula. Wazee wa Gundagai husema kwamba kitenzi cha asili hakikuwa "kuketi". Kilikuwa kitenzi kingine kinachofanana nacho kwa sauti, ambacho mtu hakitamki mbele ya wakwe. Kwa adabu kikabadilishwa, na mbwa aliyeharibu chakula akageuka kuwa mlinzi mwaminifu wa chakula.

Dereva au utingo yeyote aliyewahi kulala kwenye tope la barabara za kusini, kabla barabara ya Makambako na Songea haijatiwa lami, ataielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Hapo ndipo ilipo nguvu ya sanamu ya kuchekesha. Haimwambii mpita njia kwamba fulani alikuwa mkubwa. Humwambia kwamba waliokwama ni wengi, na kwamba walicheka wakaendelea na safari. Wala kicheko hicho hakikukosa faida, kwa kuwa sarafu walizotupa wageni katika kisima kilicho miguuni pa mbwa huyo zilielekezwa kwenye hospitali ya Gundagai. Mwaka 2019 wahuni walimwangusha na kumvunja sikio. Watu walisikitika kana kwamba ni mbwa mwenye roho, akatengenezwa, akarudishwa juu ya sanduku lake.

Mfano wa pili uko New Zealand, katika mji mdogo wa Tirau, ulio kwenye barabara kuu namba moja ya kisiwa cha kaskazini. Hapo, mwaka 1998, ilijengwa nyumba nzima yenye umbo la mbwa, ulimi nje, karibu na nyumba nyingine yenye umbo la kondoo iliyotangulia. Haikutumika shaba wala marumaru, bali bati lile lile la migongo tunaloezekea nyumba zetu. Ndani ya mbwa huyo iliwekwa ofisi ya kuwapokea wageni na kuwaelekeza njia. Baadaye wenye maduka wakaanza kutengeneza mabango yao kwa bati, na mji uliokuwa ukipitwa tu ukawa mji wa kusimama. Makambako haina upungufu wa bati, wala haina upungufu wa watu wanaopita.

Tukifika hapa, msomaji wa Unguja au Pemba atatuuliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini mbwa? Wanyama wote wameisha? Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao na visiwa vyetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Wapo pia wanaochelea sanamu yoyote ya kiumbe chenye roho. Wahenga wa pwani nao wametuonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Hayo si mambo ya kupuuzwa, na kiongozi atakayeyapuuza kwa sababu yuko mbali na bahari atakuwa amekosea, maana Waislamu wapo Makambako na Njombe pia.

Jibu letu ni hili. Twafuga mbwa kwa kazi, na kumtambua kwa kazi yake si kumkaribisha mezani. Vijijini katika nyanda za juu mbwa ndiye mlinzi wa boma na wa mahindi yanayokomaa. Hata Unguja, wasasi wa mashamba wamekuwa wakitumia mbwa tangu zamani kuwafukuza nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo. Na yeyote aisomaye Sura ya Pango ndani ya Kurani hukutana na mbwa wa wale vijana waliolala, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hakuingizwa msikitini, wala hakusahauliwa. Kizingiti ndicho mahali pa mbwa, na njia panda ni kizingiti cha mji. Sanamu tunayoizungumzia haifai kuwekwa Chake Chake, wala karibu na msikiti au kanisa lolote. Inafaa kuwekwa pale malori yanapopumzika.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa. Ucheshi ni kama mche wa chai: unataka udongo wake na baridi yake. Mjini Brussels, Ubelgiji, kuna mbwa wa shaba aliyeundwa na Tom Frantzen mwaka 1998, ambaye ameinua mguu mmoja kwenye kiguzo cha barabarani kama mbwa halisi anavyofanya. Jina lake ni Zinneke, yaani mbwa koko kwa lugha ya wenyeji, na watu wa mji huo wenye asili ya mchanganyiko hujiita kwa jina hilo hilo kwa fahari. Hata alipogongwa na gari mwaka 2015, alitengenezwa haraka kama mtu wa nyumbani. Kwao ni utani mzuri. Kwetu, kumwita mtu mbwa ni tusi linaloweza kufikisha watu barazani kwa mwenyekiti wa kijiji, na mbwa aliyeinua mguu mbele ya mama zetu waendao sokoni si kicheko bali ni fedheha. Atakayeichukua sanamu ya Brussels na kuipandikiza Makambako atakuwa ameleta mzaha usio na mwenyewe.

Kwa bahati njema tunao utani wetu wa mbwa, nao umo katika majina. Sehemu nyingi za nchi yetu mtu humpa mbwa wake jina lenye ujumbe kwa jirani. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba humwita mbwa wake Yana Mwisho. Aliyechoshwa na maneno ya watu humwita Semeni. Na kila jioni amwitapo mbwa kwa sauti kubwa, ujumbe humfikia anayehusika bila kesi. Mama wa Kiunguja asicheke mno, kwa kuwa naye hufanya vivyo hivyo kwa kanga: huvaa maneno, hupita mbele ya mlango wa mwenzake, na hakuna awezaye kumshitaki. Kanga ya pwani na jina la mbwa wa bara ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili husema ukweli mchungu kwa njia ya kuchekesha, tena bila kuvunja adabu.

Kwa hiyo, tuseme wananchi wa Makambako wameamua kuwa na mbwa wao. Awe ameketi juu ya nini? Yule wa Gundagai ameketi juu ya sanduku la chakula. Wetu hana haja ya kukopa sanduku. Na aketi juu ya gunia la viazi, tena gunia la lumbesa.

Kwa msomaji asiyeijua lumbesa, ni gunia lililoshindiliwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichwa cha viazi kilichozungushiwa kamba, likasimama kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa mno. Mkulima hulijaza kwa viazi vya gunia moja na ziada yake, na mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu. Mazao yanatakiwa kupimwa kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa, viongozi wa mikoa wamekuwa wakiikemea majukwaani, na bado lumbesa imekuwa ikijitokeza msimu baada ya msimu, kwa sababu mkulima mwenye viazi vinavyoelekea kuoza hana nguvu ya kubishana na mwenye lori.

Sasa fikirini: mbwa mkubwa wa chuma ameketi juu ya gunia hilo, gunia limevimba chini yake, naye ameinamisha kichwa akimtazama kila mnunuzi anayeingia mjini kwa jicho la mtu anayejua hesabu. Jina lake na lichaguliwe na wakulima wenyewe kwa desturi ile ya kumtumia jirani salamu. Pengine ataitwa Pima Kwanza. Pengine ataitwa Tunakuona. Mwenye lori atacheka, na utingo wake atacheka zaidi; lakini atakapofika shambani na kudai kichwa cha gunia, mkulima hatahitaji kutoa hotuba. Atamwuliza tu kama amempita mbwa njiani. Tangazo la serikali lililobandikwa ukutani hunyeshewa na mvua likachanika, kicheko hakichaniki.

Ndiyo maana tunasema jambo hili si mchezo. Mkulima mdogo ana njia chache za kusema hadharani kwamba ameonewa. Sanamu ya kuchekesha humpa sauti isiyomtukana mtu yeyote kwa jina, na humpa ofisa wa serikali msaidizi asiyelala wala asiyechukua hongo.

Lakini hatuna budi kutofautisha sanamu ya kuchekesha na sanamu ya kuchekwa. Hizi hufanana kwa mbali tu. Mwaka 2024 mji wa Eldoret nchini Kenya ulipandishwa hadhi kuwa jiji, na sanamu za wanariadha zikasimamishwa kuwaheshimu mabingwa waliolitukuza jina lake. Wananchi walizitazama, wakatazamana, wakaangua kicheko nchi nzima, kwa kuwa umbo la sanamu halikufanana na mwanariadha yeyote aliyewahi kukimbia. Haukupita muda mrefu zikaondolewa. Aliyekusudia heshima alivuna dhihaka, kwa sababu kazi ilisimamishwa kabla wenye mji hawajaiona na kuikubali.

Na sanamu ya mbwa yaweza kuleta mambo mazito kuliko kicheko. Katika eneo la Battersea, London, mwaka 1906, ilisimamishwa sanamu ya mbwa wa kahawia aliyekufa baada ya kupasuliwa akiwa hai katika mafunzo ya chuo kikuu. Haikuwa ya kuchekesha hata kidogo; maandishi yake yaliwashutumu waganga. Wanafunzi wa udaktari walifanya ghasia mwaka 1907, sanamu ikawekewa ulinzi, na hatimaye, mwezi Machi 1910, baraza la mtaa liliing'oa usiku likisindikizwa na polisi wapatao 120. Sisi wenyewe tumeyaona mambo ya kung'oa. Kabla ya Askari wa mwaka 1927, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1909. Waingereza walipoiteka nchi waliiondoa, ikapelekwa Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mtu aliyewekwa juu ya watu bila ridhaa yao hakai sana, hata akiwa wa shaba.

Kwa maofisa wanaosoma safu hii, funzo ni jepesi. Kwanza, mchoro na utangulie fedha. Mfano mdogo wa mti au wa udongo uwekwe stendi na sokoni kwa majuma kadhaa, wananchi waupite, wauseme, wautanie. Usipochekesha ukiwa mdogo hautachekesha ukiwa mkubwa. Pili, mahali pachaguliwe kwa sheria. Hifadhi ya barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ndani yake TANROADS ndio wenye kauli. Sanamu inayomfanya dereva ageuze shingo katikati ya kona ni hatari. Iwekwe panapoegeshwa magari. Tatu, fedha ziwe za wenyeji kadiri iwezekanavyo, na hesabu zake zibandikwe ukutani. Mbwa aliyejengwa kwa hesabu za siri atakuwa kichekesho cha namna nyingine.

Nne, na hili ni kubwa, fundi awe wa hapa hapa. Isitoke zabuni ya kumtafuta mtaalamu ng'ambo. Wamakonde walikwisha kutuonyesha zamani kwamba mpingo unaweza kucheka. Tangu miaka ya 1950, Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani yake mjini Dar es Salaam, wachongaji hao wamekuwa wakiwachora wakubwa na wadogo kwa meno yaliyojitokeza na matumbo yaliyofura, na dunia nzima imekuja kununua. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alichukua rangi ya baiskeli na ubao wa dari akawachora wanyama wenye macho ya mshangao, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Mkoa wa Njombe wenyewe si mgeni wa chuma. Wahunzi wa Ukinga na Upangwa walifua majembe kabla meli za Ulaya hazijaleta ya kiwandani, na milima ya Liganga katika Wilaya ya Ludewa imejaa mawe ya chuma. Makambako ni mji wa gereji. Springi za lori zilizokatika, mapipa yaliyotoboka na bati lililochakaa vipo, na mafundi wa kuchomelea wapo. Mbao za misindano zimejaa pia, lakini mvua na mchwa havina huruma. Chuma ndicho kifaacho, na kipigwe rangi kila mwaka, kifungwe kwa zege imara, asije mnunuzi wa vyuma chakavu akamwuza mlinzi wetu kwa kilo.

Hilo la mwisho si mzaha mtupu. Huko Tokyo, sanamu ya Hachikō, mbwa aliyemsubiri bwana wake aliyekufa katika kituo cha treni, ilisimamishwa mwaka 1934, ikayeyushwa wakati wa vita kwa ajili ya chuma, na ikabidi itengenezwe upya mwaka 1948. Watu waliokuwa wametoka vitani, wenye njaa na majengo yaliyoteketea, waliona kwamba mbwa huyo ni miongoni mwa vitu vinavyopaswa kurudi. Mji hutambua thamani ya alama yake siku inapotoweka.

Sasa turudi kwa ndugu zetu wa visiwani, kama tulivyoahidi. Haiwezekani kumtukuza mbwa wa chuma huku mbwa wa nyama na damu akitembea na kifo mdomoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, wengi wao wakiwa watoto wa vijijini. Ugonjwa huo hauna dawa pindi dalili zinapojitokeza, lakini una kinga ya hakika. Ukichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia mwaka hadi mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Nani ametuonyesha kwamba inawezekana? Ni Pemba. Katika mpango wa chanjo ulioanza mwaka 2010 katika wilaya za kusini na mashariki ya nchi, Pemba ikiwamo, kisiwa hicho kilifika mahali ambapo ugonjwa ulitoweka. Uliporudi mwaka 2016 kutoka nje, chanjo ilirejeshwa, ukatokomezwa tena. Watu ambao dini yao inawataka wajitenge na mate ya mbwa ndio waliowashika mbwa wao, wakawapeleka kwa mganga wa mifugo, wakawaokoa watoto wa wote.

Basi mbwa wa Makambako, kama atasimama, ana deni kwa Pemba. Chini ya gunia lake na pawe uwanja wa chanjo. Kila tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, mabwana mifugo wa Njombe na Makambako waweke meza zao hapo, chanjo itolewe, na wafugaji wafike na mbwa wao wakiwa wamefungwa kamba. Watoto watakuja kumcheka mbwa wa chuma na wataondoka wakiwa salama na mbwa wa nyumbani. Hapo kicheko kitakuwa kimefanya kazi ambayo hofu peke yake haijaifanya.

Tunajua kwamba ofisini maombi ya namna hii huwekwa chini ya rundo, kwa kuwa mbwa wa kuchekesha hana uzito wa daraja wala wa zahanati. Ni kweli, daraja litangulie, na zahanati itangulie. Lakini tujihadhari na ile fikra kwamba wananchi wanahitaji saruji peke yake. Mahali ambapo watu wanaruhusiwa kujicheka na kuwacheka wakubwa wao kwa adabu, hapo ndipo wanapokubali pia kuitwa kwenye kazi ya pamoja, kwa sababu wanaona mji ni wao.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Halmashauri ya Mji wa Makambako, kwa uongozi wa Mkoa wa Njombe, kwa Baraza la Sanaa la Taifa na kwa Wakala wa Vipimo: wapewe mafundi nafasi, waulizwe wananchi, upatikane mfano wa kuwekwa stendi. Ukikataliwa, hasara ni ya vipande vichache vya bati. Ukikubaliwa, msafiri atakayepita katika baridi ile ataamka, atachungulia dirishani, atacheka, kisha atauliza gunia lile maana yake nini. Na yule mkulima aliyeketi kando ya barabara na viazi vyake atakuwa na la kumjibu.